Picha Nilizomnyima

Mume wangu alianza kunenepa mikono mwaka tuliohamia nyumba za reli kule Makongeni, nami nikajisifu kwamba ni chakula changu. Tumbo lake lilibaki lile lile. Kilichonenepa ni viganja, vidole, pua, midomo na nyayo, mahali ambapo ugali haufiki, lakini nani alikuwa na muda wa kufikiria hivyo. Majirani walimwona akirudi kutoka yadi ya mabehewa, kofia imembana, wakaniambia, "Mama, huyo mzee unamtunza." Nilifurahi. Katika ile mistari ya nyumba, jirani akikusifia kitu kwa kawaida alikuwa anataka kukiazima, kwa hiyo sifa ya bure ilikuwa adimu.

Ningepaswa kuogopa mapema. Mimi ni fundi wa nguo, na fundi hana kisingizio. Cherehani yangu ilikaa barazani, nikishona sare za shule na magauni ya akina mama wa kanisa, na kila Krismasi nilimshonea mume wangu shati jipya. Vipimo vyake nilivijua kwa kichwa. Katika Krismasi tatu kola yake iliongezeka inchi mbili, na urefu wa mkono haukuongezeka hata nusu inchi. Mtu wa miaka arobaini na miwili haoti shingo peke yake. Niliona jambo hilo kwa macho yangu, nikazungusha utepe mara ya pili kuhakikisha, kisha nikamtania kwamba shingo yake inajiandaa kuoa. Tulicheka wote wawili. Nikikumbuka kicheko kile huwa najisikia vibaya mpaka leo.

Sauti yake nayo ilishuka. Kanisani alikuwa ameimba sauti ya tatu tangu ujana wake, halafu ikafika siku hawezi tena kupanda, akahamishiwa ya nne. Kwaya yetu ilikuwa na njaa ya sauti ya nne. Mwalimu wa kwaya alimshukuru Mungu mbele ya watu wote, na sisi tukapiga makofi. Tulikuwa tunaupigia makofi ugonjwa, ila hakuna aliyejua. Yeye alisimama mstari wa nyuma akitabasamu, na hata kutoka nilipokaa niliona meno yake ya mbele yameanza kuachana.

Kulikuwa na mengine ambayo hayakuwa ya kupigiwa makofi. Asubuhi shuka zilikuwa mbichi kwa jasho, hata Julai, wakati Nairobi nzima inajifunika blanketi mbili. Alikoroma mpaka jirani wa ukuta wa pili akawa ananisalimia kwa huruma. Kichwa kilimuuma karibu kila siku, akawa anameza dawa za maumivu kama njugu na kujifunga kitambaa changu kichwani. Na mwishowe akaacha kunigusa. Nayasema haya wazi kwa sababu ndiyo yaliyonipoteza. Mwanamke anaweza kuvumilia jasho na mkoromo, lakini mume anayelala amekupa mgongo mwezi baada ya mwezi, bila ugomvi wowote, anakufanya uanze kuhesabu mambo mengine.

Nami nilihesabu. La kwanza ilikuwa pete. Siku moja nikampakulia chakula nikaona kidole chake ki wazi, kina alama nyeupe tu. Nilipomuuliza alisema imembana akaivua. Nikasema moyoni, imekubana leo, baada ya miaka kumi na saba. La pili lililetwa na jirani mmoja aliyekuwa na biashara ya nguo kuukuu Kariobangi. Alinikuta kwa cherehani, akasimama huku amejishika kiuno.

"Mimi sitaki maneno," alisema, "lakini mzee wako nimemwona Kariobangi mara tatu. Anaingia mahali, anakaa, anatoka."

"Mahali gani?"

"Mlango wa mabati, nyuma ya mafundi. Kuna mwanamke hapo huwa anapika."

Mkono mnene, shingo nene, pete imevuliwa, mgongo kitandani, mlango wa mabati na mwanamke anayepika. Nilijua sasa ni nani anayemnenepesha. Niliendelea kushona ile sare iliyokuwa mbele yangu na nikaikosea mshono, nikaifumua na kuishona upya mara mbili. Mume wangu aliporudi jioni nilimwekea chai bila kumtazama. Uamuzi wangu ulikuwa kwamba sitamuuliza. Mimi nina hasira za namna hiyo, hasira zinazofunga mdomo na kungoja, na mama yangu alikuwa nazo kabla yangu.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu mume wangu alivyokuwa, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kazi ya reli aliianza akiwa kijana katika stesheni ndogo upande wa magharibi, mahali ambapo kuna njia moja tu na treni zinapishana stesheni. Kule dereva hakuruhusiwa kuondoka mpaka akabidhiwe kipande cha chuma wanachokiita tokeni. Anayo mkononi, njia ni yake. Hana, anakaa, hata kama mbele hakuna kitu na abiria wanapiga kelele madirishani. Mume wangu ndiye aliyekuwa akikabidhi tokeni hizo. Baadaye alihamishwa Nairobi, kwenye yadi ya kuunganisha na kutenganisha mabehewa, lakini tabia ya tokeni haikumtoka. Akiambiwa alete karatasi tatu ofisini na moja ikakosekana, haendi. Akisahau kadi ya kwaya, anarudi nyumbani kuichukua hata kama ibada imeanza. Nilizoea. Nilimwona mtu wa kuchosha, lakini salama.

Basi siku moja ya Machi, Jumamosi mchana, alikuja barazani akasimama karibu na cherehani akisugua zile nyayo zake kubwa sakafuni.

"Mama watoto, zile picha zangu za zamani ziko wapi?"

"Picha gani?"

"Za ujana. Ile ya stesheni, nimevaa yunifomu mpya. Na zile za kabla hatujaoana. Hata ya harusi."

"Za nini?"

Alisita. Mtu mwaminifu akisita huonekana mwongo kuliko mwongo mwenyewe. "Kuna mtu anataka kuziona," alisema.

Niliona kila kitu: amekaa nyuma ya mlango wa mabati, anamwonyesha huyo mwanamke alivyokuwa kijana mzuri, na harusi yetu inapita mkononi mwake, labda analicheka gauni langu nililoshona mwenyewe. Picha zilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, chini kabisa, zimefungwa kwa kitambaa kikavu. Hatua kumi kutoka tulipokuwa.

"Zililowa," nilimwambia. "Mvua za mwaka jana. Zilishikana zikaoza, nikazitupa."

Hakubisha. Aliniangalia kwa ule uso wake uliokuwa umekuwa mkubwa, akauliza tena taratibu kama hakuna hata moja iliyopona. Nikasema hakuna. Aliingia ndani. Nilisikia kitanda kikilia alipoketi, na baadaye nikamwona kupitia mlangoni ameshika karatasi iliyokunjwa, anaisoma, anaikunja, anaiweka mfukoni. Nikadhani ni barua ya mwanamke. Niliona raha, na sina sababu ya kuficha hilo sasa. Niliona raha kwamba nimemnyima kitu.

Aprili ikapita, na Mei. Alimwandikia kaka yake kijijini kuomba picha, jibu likachelewa, na lilipokuja lilisema kwamba nyumba ya mama yao iliungua zamani na picha ziliungua nayo. Niliisoma barua hiyo kwa siri. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kuhangaika hivyo kwa sababu ya mapenzi, na hasira yangu ikazidi.

Wakati huo huo mambo madogo yalianza kutokea nyumbani, madogo kiasi kwamba kila moja lingeweza kupita. Alimwaga chai kando ya kikombe. Aligonga bega kwenye fremu ya mlango ambao alikuwa ameupita miaka mingi, kisha akaugonga tena kesho yake bega lile lile. Alikanyaga sufuria ya mboga iliyokuwa sakafuni mchana kweupe. Nikasema amelewa mapenzi. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ulimi wa mtaani, ndiye aliyeona wa kwanza. Alinifuata jikoni, uso umebadilika.

"Mathe, mbuyu ako na nini? Nimesimama hapo kando yake nikimuita. Ananiangalia lakini hanioni."

"Baba yako anakuona. Hataki tu kelele zako."

"Si hivyo. Mpaka nimeenda mbele yake ndio ameshtuka."

Nilimwambia akaoshe vyombo. Lakini usemi wake ulinikaa. Wiki ile ile akaja mwenzake wa kazini, mzee mmoja mpole aliyekuwa akiimba naye sauti ya nne. Alikataa chai, na katika nyumba zetu mgeni akikataa chai ujue hakuja kwa mazuri.

"Shemeji," alisema, "ongea na mzee. Jana alikuwa katikati ya njia mbili, akainama kuunganisha. Behewa likaja kwa ile njia nyingine, pole pole, bila injini, unajua hayana kelele. Tulipiga mbinja. Hakugeuka. Limempita hapa." Alionyesha kwa mikono upana wa kitabu. "Akageuka likiwa limeshapita. Akatuuliza tunapigia nini mbinja."

Alipoondoka niliketi na utepe shingoni nisijue nifanye nini. Hofu ilinijia, lakini wivu ulikuwa umeshika nyumba kabla yake na haukutaka kutoka. Nilijiambia kwamba mtu akiwaza mwanamke anaweza kugongwa na behewa. Nikaamua kumaliza jambo. Siku yake ya mapumziko, akitoka, nitamfuata mpaka kwenye huo mlango wa mabati na nitaingia.

Alitoka saa nne asubuhi, mwisho wa Agosti, akiwa na suruali safi. Nilimfuata nikiwa nimejifunga leso kichwani, maneno yangu nimeyapanga. Hakwenda upande wa Kariobangi. Alipita nyuma ya nyumba zetu hadi pale ambapo ardhi inainuka kidogo na unaweza kuona yadi yote ya mabehewa chini. Kuna ukuta mfupi pale. Alikaa. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha muuza mkaa, nikingoja mwanamke atokee.

Hakutokea mtu. Mume wangu aliinua mkono wake mkubwa akaziba jicho la kulia. Alikaa hivyo kitambo, akitazama mabehewa. Kisha akaziba la kushoto, akatazama. Kisha akanyoosha kidole mbele ya uso wake na kukisogeza taratibu kwenda kando, kichwa amekikaza, mpaka mahali fulani mkono ukasimama. Akarudisha kidole. Akaanza tena. Alifanya hivyo upande wa kushoto, upande wa kulia, na kila mara mkono ulisimama mapema kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimemfuata mtu kumfumania, na sasa nilikuwa namwona akipima ukubwa wa ulimwengu uliombakia.

Nilitoka pale nilipojificha. Nilikwenda nikasimama kushoto kwake, hatua tatu hivi, mchana wa jua, na gauni la njano. Hakugeuka. Nikainua mkono nikaupunga. Nikaupunga tena kwa nguvu. Aliendelea kutazama mbele, midomo ikihesabu kitu. Yale maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakapotea.

"Baba watoto," nikasema.

Aliruka kama aliyeguswa na waya wa stima. Aligeuza kichwa chote, na mabega, kunitafuta.

Alinieleza pale pale juu ya ukuta. Mlango wa mabati wa Kariobangi ulikuwa wa fundi wa viatu. Buti za kazi hazikumwingia tena, hata zile kubwa kuliko zote, na hakutaka ofisini wajue, kwa hiyo fundi alikuwa akimshonea za kupanua. Pete ilikatwa na fundi wa pembeni kwa msumeno mdogo kidole kilipoanza kuwa cheusi, na vipande viwili vilikuwa ndani ya mfuko wake wa shati. Aliaibika kuniambia kwamba imekatwa. Februari aliona upande wa nje wa macho yake unaingiwa na giza, akaenda kwa daktari wa hospitali kubwa. Daktari alimpima macho akayachorea ramani kwenye karatasi, akampiga eksirei ya kichwa, halafu akamwandikia barua ya kwenda kwenye ile mashine mpya inayopiga picha za ndani ya kichwa kipande kwa kipande. Siku ilipangwa ya mwisho wa Machi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nijue kwanza. Kazi ikiisha nyumba nayo imekwisha. Ningekuambia nini, na sijui?"

"Na ulienda kwa hiyo mashine?"

Alitoa ile karatasi iliyokunjwa. Nyuma ya barua daktari alikuwa ameandika kwa mkono wake: aje na picha zake za zamani, na mke wake akiweza.

"Sikwenda," alisema. "Nilisema nikipata picha nitaomba siku nyingine."

Tulikwenda kwa daktari kesho yake asubuhi. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani mizito. Aliuliza jambo moja kabla ya kitu chochote: kwa nini hakufika.

"Picha zilikosekana, daktari," mume wangu alisema. "Ziliharibika na mvua. Uliandika nije nazo."

Daktari alivua miwani. "Mzee, picha zilikuwa za kunionyesha mimi uso ulianza kubadilika lini. Mashine haihitaji picha. Ungekuja mikono mitupu."

Niliona taya kubwa la mume wangu likisogea. Alikuwa amekaa stesheni miezi mitano akingoja tokeni ambayo hakuna aliyeidai. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake na mkoba magotini, na neno moja langu lilikuwa linatosha kueleza mambo yote mle chumbani. Sikulisema. Daktari akachukua karatasi mpya akampima macho tena, kisha akaiweka sambamba na ile ya Februari. Sikuhitaji kusomewa. Kwenye karatasi ya kwanza giza lilikuwa limeshika ukingo wa nje wa kila duara, upana wa kidole. Kwenye ya pili duara la kulia lilikuwa nusu, na la kushoto lilikuwa karibu lote jeusi, limebaki na dirisha dogo upande wa pua.

Mashine ilikuwa imeharibika wiki hiyo, kuna kifaa kilikuwa kinangojwa kutoka ng'ambo. Tukangoja wiki tatu. Kazini alikuwa ameshaeleza ukweli, wakamtoa yadini wakamweka stoo akigawa kamba na taa. Nilishukuru kwa hilo. Lakini kila asubuhi alijipima kwa kidole chake akiwa ameketi kitandani, na kila asubuhi nilimwona, na sikuuliza kimesimama wapi.

Siku ya mashine waliniruhusu nisimame nyuma ya kioo. Walimlaza chali, kichwa kimening'inizwa nyuma, kidevu kimeangalia dari, mkanda umepita kwenye paji la uso. Walisema ndivyo inavyopasa ili kipande kikatwe kutoka mbele. Wakamdunga dawa mshipani, ile ya kuufanya uvimbe ung'ae. Kitanda kikawa kinaingia ndani ya lile duara kidogo kidogo, kinasimama, mashine inanguruma, kinasogea tena. Aliambiwa asimeze mate, na mtu akiambiwa asimeze mate hana kingine anachotaka duniani. Niliona vidole vyake vinene vikishika ukingo wa kitanda.

Mwanamke aliyeendesha mashine alikuwa mchangamfu. Alinisimulia habari za mvua, habari za bei ya sukari, akaniuliza nashona nini. Picha zilikuwa zinajijenga kwenye kioo kama cha televisheni, mstari kwa mstari, kijivu juu ya kijivu. Mimi niliona maumbo tu. Yeye katikati ya sentensi kuhusu sukari akanyamaza. Hakuimalizia. Alisogea karibu na kioo akabonyeza kitu, na tangu hapo hakunisemesha tena mpaka tulipoondoka.

Daktari alizitundika zile filamu kwenye boksi la taa, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu. Chini ya ubongo, alisema, kuna kiti kidogo cha mfupa, na juu ya kiti hicho hukaa tezi ndogo kama punje ya njegere. Hiyo ndiyo hutuma maji ya kukuza mwili. Ya mume wangu ilikuwa imeota uvimbe unaotuma bila kukoma, ndiyo maana mikono, ndiyo maana taya, ndiyo maana sauti, na ndiyo maana mambo mengine ya chumbani, akasema bila kunitazama. Eksirei ya Februari ilikuwa imeonyesha kiti kimepanuka, lakini eksirei huona mfupa tu. Hapa sasa aliona uvimbe wenyewe. Ulikuwa umekijaza kiti, umefurika, umepanda juu ukubwa wa ndimu, na pale juu ndipo mishipa ya macho inapopishana. Ulikuwa umeibeba mgongoni, hasa ya kushoto.

"Tutapitia puani kuutoa," alisema. "Uhai wake naona tutauokoa. Jicho la kulia nina matumaini. La kushoto sitakudanganya, mzee."

"Na ningekuja Machi?" mume wangu aliuliza.

Daktari alizima taa ya lile boksi. "Machi sikuona ndani," alisema. "Siwezi kujua."

Alikuwa mtu mwema, daktari yule. Lakini zile karatasi mbili za duara zilikuwa bado mezani, na sisi wote watatu tulikuwa na macho ya kuziona, hata mume wangu kwa kiasi chake.

Asubuhi ya upasuaji walimvalisha gauni la kijani ambalo halikufunga mgongoni. Tulikaa kwenye benchi la korido tukingoja aitwe. Alinipa saa yake na vile vipande viwili vya pete. Nilikuwa sijalala, na nilikuwa naona kwamba akifa mle ndani atakufa nikiwa nimemdanganya. Nitakuwa mkweli hata hapa: sikuwa namfikiria yeye peke yake. Nilitaka pia kupunguza mzigo wangu.

"Nilidhani una mwanamke," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe. Kariobangi. Nilidhani kuna mwanamke anakulisha, ndiyo maana unanenepa."

Akacheka. Alicheka kwa ile sauti ya chini kabisa, mpaka muuguzi mmoja akachungulia, na mimi nikacheka pia kwa sababu nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka mpya. "Mwanamke," alisema akijifuta macho. "Na hii pua?"

"Ndiyo nikakunyima picha. Nilidhani unataka kumwonyesha."

Aliendelea kucheka kidogo, kama gari linalotembea baada ya injini kuzimwa. Kisha kicheko kikaisha.

"Zililowa," alisema.

"Hazikulowa."

"Ziko wapi?"

"Kwenye sanduku. Chini ya kitanda."

Aliinamisha kichwa. Nilimwona akikunja vidole, vile vidole visivyokunjika vizuri, kimoja kimoja: Aprili, Mei, Juni, Julai. Agosti alikikunja cha gumba, akaubana mkono wote. Nilikuwa nimeketi kushoto kwake. Ili anione ilimbidi ageuze shingo yote, na aligeuza, taratibu, mpaka jicho lake la kulia likanipata. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, au anipige, ingawa hakuwahi kunipiga katika maisha yetu. Alinitazama tu, na aliendelea kunitazama hata muuguzi alipomwita. Muuguzi akamwita mara ya pili. Akainuka, akaenda.

Walimtoa akiwa hai. Jicho la kushoto halikurudi. La kulia lilitosha kusomea nyimbo za kwaya na kuvukia barabara akiwa ameshikwa mkono. Tuliishi pamoja miaka kumi na mitatu baada ya hapo, tukala meza moja, tukaozesha mabinti wawili, na neno la zile picha hakulitaja tena hata siku moja. Mimi ndiye niliyengoja alitaje, mpaka tulipomzika.